Kitengo cha elimu maalumu baada ya miaka mitatu: uliza habari za mtoto wa mkeka wa nyuma

Tangu Januari nimeulizwa na akina mama watano swali lile lile: kitengo anachosoma mwanao kikoje, na mimi nimpeleke wangu? Wawili walinipigia simu, mmoja alinifuata mpaka kwenye cherehani yangu, mtoto mgongoni. Kila mmoja nimemjibu kivyake na kila mara nimesahau jambo, kwa hiyo naandika yote hapa.

Shule siitaji. Ni ya msingi, ya serikali, iko Dar es Salaam, na ndani ya uzio wake kuna kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Mwanangu ana miaka 10, ana usonji, hasemi. Akitaka maji anakushika mkono anakupeleka kwenye ndoo, akiumwa tumbo analala kifudifudi sakafuni, lakini neno hana. Alianza pale akiwa na miaka 7. Kwa mwenye haraka: mwaka wa kwanza na nusu ningekipa kitengo hiki alama moja kati ya tano. Leo nakipa tatu na nusu, na ningempeleka mwanangu tena.

Gharama kwanza, maana ndiyo mnayouliza. Ada hakuna, kama ilivyo katika shule za msingi za serikali, na mimi sijawahi kudaiwa. Uji ni shilingi 500 kwa siku, tulikubaliana wenyewe wazazi. Kinachoumiza ni bajaji, shilingi 3,000 kwenda na kurudi, kwa sababu daladala zilinishinda. Kondakta akiona mwanafunzi wa nauli ya 200 tayari amekunja uso. Akiona na huyo mwanafunzi anapiga kelele na kujigonga kichwa, gari halisimami. Vifaa vikipungua darasani silalamiki. Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka mzima, na humo humo imo hela ya vitabu.

Darasa ni moja, kubwa, lenye mlango mmoja. Choo kina mteremko wa kiti mwendo uliojengwa vizuri, mtoto anasukumwa bila kukwama. Kuna kabati la chuma, na ndani yake kuna mafumbo ya mbao, kadi za picha, shanga za kutunga, na fremu za kujifunzia kufunga vifungo na zipu. Mwaka wangu wote wa kwanza sikujua kama vitu hivyo vipo, kwa sababu kabati lilikuwa na kufuli na ufunguo ulikaa kwenye pochi ya mwalimu.

Huyo mwalimu nitamwita Madamu tu. Walimu walikuwa wawili kwa watoto 23, mwenzake akawa na likizo ya uzazi, Madamu akabaki peke yake na mlezi mmoja. Alikuwa ameisomea kazi hii chuoni, na aliijua. Nalisema hili mapema kwa sababu watu hudhani mwalimu anayewatendea watoto vibaya ni yule asiyejua. Siku ya kwanza mwanangu alipochachamaa kwa kelele za kengele, Madamu alimkalisha, akambana mabega kwa viganja viwili, akahesabu polepole, na mtoto akatulia. Mimi mama yake nilikuwa sijui ujuzi huo. Nikarudi nyumbani nimefurahi, nikamwambia baba yake tumepata mahali.

Darasani kulikuwa na mikeka mitatu. Wa mbele uko karibu na meza ya mwalimu, wa katikati, na wa nyuma chini ya madirisha mawili yaliyopakwa rangi nyeupe, eti watoto wa madarasa mengine wasichungulie. Nilidhani wamepangwa kwa uwezo: wanaojua herufi mbele, wasiojua nyuma. Mwanangu alikuwa nyuma.

Ilinichukua miezi kuona kwamba mbele palikuwa na mtoto asiyejua hata kushika kalamu, ila baba yake ana duka la mchele. Palikuwa na mtoto wa ndugu wa mtu wa ofisi ya kata. Palikuwa na wale wa "muda wa ziada", ambao wazazi wao walitoa shilingi 2,000 kwa siku wabaki saa moja baada ya wenzao kuondoka, na saa hiyo ndiyo kabati lilifunguliwa. Na palikuwa na wawili wenye sura za kupendeza, wapole, wanaotabasamu kwa wageni. Siku wageni walipokuja na zawadi tulitumiwa ujumbe wazazi wa nyuma: kesho msiwalete, kuna usafi. Jioni nikaona picha kwenye kundi letu la WhatsApp. Watoto saba, mafumbo yamemwagwa mkekani, kadi za picha mikononi. Nikaikuza ile picha kwa vidole nikimtafuta mwanangu, nikasahau kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyembakiza nyumbani.

Sehemu inayofuata inanihusu mimi, na nisipoisema nitakuwa nimewadanganya.

Madamu aliwahi kuniletea kitenge nimshonee gauni. Alipouliza bei nikasema, "Acha tu, Madamu, wewe unanilelea mtoto." Alikataa mara moja, ya pili akakubali. Jumatatu iliyofuata mwanangu alikuwa mkeka wa mbele. Hakuna aliyeniambia neno, wala mimi sikuuliza. Nilishona la pili, nikashona suti ya mume wake ya harusi ya ndugu yao. Muhula mzima mwanangu alirudi na shanga alizotunga, na daftari lenye alama za vema. Nilijua. Mtu akinipa nafasi ambayo jana haikuwepo, najua imetoka kwa mtu mwingine. Sikugeuza kichwa kuangalia imetoka kwa nani.

Kisha ukaja msimu wa sare, nikazidiwa na kazi, kitenge cha tatu nikakaa nacho wiki tano. Mwanangu akarudishwa nyuma.

Ndipo kaptula zilipoanza. Mtoto anachana nguo, hilo la kawaida, lakini mimi ni fundi na kazi yangu ni kuona nguo imekufa kwa nini. Mshono uliochoka hukatika uzi, kitambaa kikabaki kizima. Unapitisha tena cherehani, basi. Mshono uliovutwa kwa nguvu huacha uzi mzima, kinachopasuka ni kitambaa pembeni yake, kinaacha tundu lenye nyuzi zilizochomoka kama ndevu. Kaptula ya mwanangu ilipasuka hivyo, kwenye lupu ya mkanda ya nyuma, katikati kabisa. Nikatia kiraka. Baada ya siku nne ikapasuka tena pale pale. Nikashona lupu mpya kwa uzi wa jinsi, ule mnene. Safari hii lupu ikabaki, ikang'oka kiuno chote cha nyuma. Ndani ya wiki tatu nilikuwa na kaptula nne zenye jeraha moja. Mtoto anayeparamia miti hachaniki mahali pamoja mara nne. Nilizitandaza mezani usiku, nikazitazama, na mikono yangu ikaelewa kabla ya kichwa: kuna kitu kinapitishwa kwenye lupu hii na kufungwa nyuma ya kiti, naye anajivuta kwenda mbele.

Kesho yake nilikwenda na kaptula mbili kwenye mfuko.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba, mama. Za nyumbani?"

Nikaweka kaptula mezani. "Nguo hizi zinapasuka hapa tu. Mwanangu anakaaje darasani, Madamu?"

Alizitazama kidogo. "Mama, mwanao anakimbia. Juzi alifika getini. Akigongwa na gari utamlaumu nani?"

"Kwa hiyo mnamfunga?"

"Namlinda. Nina watoto 23 na mikono miwili."

Nusu ya jibu lile niliikubali na hadi leo naikubali. Geti lilikuwa halifungi. Mwenzake hayupo. Mwanangu kweli anakimbia, amenikimbia mimi sokoni. Ningetoka pale nimenyamaza kama si mtoto wa duka la mchele, ambaye naye anakimbia, tena anakimbia kuliko wangu. Yule alikuwa na msichana wa darasa la sita aliyepangiwa kumshika mkono kuanzia asubuhi. Msaada ulikuwepo, ila ulikuwa umegawiwa kwa kujuana, na aliyekosa mgao akafungwa kipande cha khanga. Wengi wanaona upendeleo ni dhambi ndogo ya shule, jambo la zawadi na kusifiana, na kipigo ndiyo kosa kubwa. Kwa watoto hawa vinatoka chungu kimoja. Mikono ya mwalimu ikiwa miwili na watoto 23, yule inayemruka kila siku ndiye anayelala na mkojo, ndiye anayekosa uji, ndiye anayefungwa. Na hasemi.

Mchana ule nilikwenda kwa mama anayekaanga mihogo karibu na shule. Binti yake ana mtindio wa ubongo, anatumia kiti mwendo, na yeye ndiye aliyeondolewa mkeka wa mbele wiki ile mwanangu alipopandishwa. Nilikuwa nimejua kwa wiki nyingi na sikuwahi kumsemesha. Nikakaa kwenye ndoo yake, nikamweleza habari za kaptula. Akageuza mihogo yote kwanza, moja moja.

"Nilijua tangu siku umemletea gauni," akasema. "Sikukuchukia, mama. Ningekuwa na cherehani na mimi ningeshona."

Kisha akanieleza kwamba kila asubuhi anatia pampasi mbili kwenye mkoba wa mtoto, na kila mchana anazikuta mbili. Alikuwa amehesabu hivyo tangu mwezi uliopita. Mtoto anatoka pale saa saba na ile ile aliyovaa saa kumi na mbili asubuhi.

Ushauri wangu kwa mzazi aliyefika hapo: nunua daftari. Sisi tuliandika kwa wiki tatu, mimi na yeye, kila mmoja lake: tarehe, saa, nguo ilikuwaje, pampasi ngapi, mwili una alama gani, nani alikuwepo. Nilipiga picha kaptula pembeni ya futi yangu ya kupimia. Siku moja mwanangu alirudi na mistari miwili pajani, nikaenda zahanati ikaandikwa kwenye cheti chake siku ile ile. Usiku ule nilipiga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Aliyepokea hakunikatiza, akaniuliza maswali taratibu, akanielekeza kwa afisa ustawi wa jamii.

Barua ya kwanza niliyoandika kwa mkono ilikuwa kurasa tatu. Kijana wa steshenari aliyekuwa anaichapa akaacha kuchapa, akasema, "Mama, weka tarehe, toa hasira." Tukabaki na ukurasa mmoja. Yeye ndiye aliyenisaidia kupata kanuni zenyewe, na kila mzazi azijue. Kanuni za viboko za 2002 zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Na kila adhabu iandikwe kitabuni. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kuteswa au kupewa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha. Nami nikauliza kwa barua: kitabu kinaonyesha mwanangu alichapwa tarehe fulani kwa kosa gani, na nani aliruhusu? Lile swali la kitabu ndilo lililowatoa jasho. Halikuwa tusi, na lilikuwa halina jibu.

Peleka nakala mbili. Moja waachie, nyingine wagonge muhuri wa kupokea, urudi nayo nyumbani. Nilimkuta mwalimu mkuu mpole sana, akanipa kiti, akasema, "Mama, haya mambo tuyamalize kifamilia." Nilikaa wiki tatu nikisubiri ufamilia huo. Kumbe maana yake ni kwamba hakuna anayeandika chochote. Mwalimu wa serikali nidhamu yake iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Makosa mepesi yanaishia kwa mwalimu mkuu, mazito yanakwenda ofisi ya Tume ya wilaya. Kwa hiyo barua ikisema "mwalimu hana upendo na mwanangu" itaishia kabatini. Ikisema "alifungwa kwenye kiti, tarehe hizi, ushahidi huu" haina pa kuishia pale. Ya pili niliipeleka kwa Afisa Elimu Kata, ya tatu kwa afisa elimu maalumu wa manispaa, na nakala kwa ustawi wa jamii.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Kwenye kundi la WhatsApp niliitwa mama wa kesi. "Mnatuharibia mwalimu." "Kama hupendi mpeleke shule ya kulipia." Wazazi 14 walitia saini karatasi ya kumtetea, na katika hao wapo niliokuwa nawaheshimu. Siwachukii, maana nilikaa mahali pao muhula mzima. Mtoto wa mmoja wao alikuwa amejifunza kuandika jina lake kwa mkono wa Madamu, mtoto ambaye hospitali ilisema hatashika kalamu. Ungemwambia nini mama yule? Kwake mwalimu alikuwa mwema kweli. Ndiyo maana tabia hii ni ngumu kuifikisha popote: anayependelewa anakuwa shahidi wa mwalimu, na ushahidi wake ni wa kweli.

Uji wa mwanangu nao ulianza "kuisha" kabla hajafikiwa. Nikaanza kumpelekea chupa kutoka nyumbani, na kuliandika hilo pia. Baba yake alitaka tumtoe. Nilimwambia tukimtoa, yule binti wa mihogo atabaki na nani. Tuligombana, sitaficha. Wakati ule kila mzazi aliyekuwa akinishauri alinikumbusha habari ya Bukoba mwaka 2018, mwanafunzi wa darasa la tano aliyefariki baada ya kuchapwa shuleni. Wengine waliisema kunitia moyo niendelee, wengine kunitisha nimwondoe.

Afisa elimu maalumu alikuja Alhamisi, saa nne, bila taarifa. Mama wa mihogo alikuwa getini, akaingia nyuma yake kwa kisingizio cha kumletea mtoto maji, yeye ndiye aliyenisimulia. Mwanangu alikuwa amekaa kwenye kiti, mkeka wa nyuma. Afisa akamsogelea kumsalimia, akainama kumpa mkono, akaona. Kipande cha khanga nyekundu kimepita kwenye lupu, fundo liko nyuma ya kiti, limekazwa na kurudiwa mpaka limekuwa gumu kama kokwa. Alijaribu kulifungua kwa vidole likamshinda. Akaomba mkasi. Mkasi ulikuwa kabatini, kabati limefungwa, na ufunguo kwenye pochi.

Madamu aliondolewa darasani wiki ile ile. Niliitwa kuandika maelezo mara mbili, na mama wa mihogo mara moja. Tume ilichukua miezi mitano. Nilielezwa kwamba alipewa adhabu na kuhamishiwa shule nyingine. Hapo sikuridhika, nikaandika barua ya sita: huko alikohamia kuna kitengo? Kumhamisha mwalimu wakati kosa lake ni kwa watoto wasiosema, halafu kumpa wengine wasiosema, kungekuwa kuhamisha khanga tu. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Anafundisha darasa la kawaida, kitengo hakipo. Sijui kama inatosha, lakini nilitaka mtu aliandike na aweke saini.

Nisiyoridhika nayo bado. Mama wa mihogo hakuombwa radhi na mtu yeyote. Mwalimu mkuu aliyekalia barua yangu wiki tatu yuko palepale. Hakuna mtaalamu wa usemi, wala dalili kwamba atakuja. Siku ambazo maji yamekatika choo hakiingiliki, ukifika wakati huo usiseme sikukuambia. Na Ijumaa baada ya uji hakuna kinachofundishwa, watoto wanakaa tu.

Lakini kitengo cha leo si kile. Yule aliyekuwa likizo amerudi, ameongezwa kijana mmoja aliyetoka chuo. Mikeka inazunguka kila Jumatatu, majina na picha za watoto yamebandikwa ukutani kwa zamu, na hata mimi nisiyepangiwa kuingia darasani naweza kusoma nikiwa mlangoni nani anakaa wapi. Madirisha yamekwanguliwa rangi. Ufunguo wa kabati unaning'inia kwenye msumari. Kila mtoto ana daftari la mawasiliano, mwalimu anaandika mstari mmoja mchana, mzazi anajibu mstari mmoja asubuhi. La mwanangu limefika la tatu. Tulichanga shilingi 120,000 kurekebisha geti, basi, ile hofu ya barabarani iliyotumika kumfungia mwanangu ikaisha kwa komeo na bawaba mbili. Wanafunzi wa darasa la sita hawatolewi tena vipindini kuwa walezi. Tunamlipa mlezi wa pili, shilingi 5,000 kwa mzazi kwa mwezi, na anayepokea ni mweka hazina wa kamati, walimu hawajui nani ametoa na nani hana.

Zawadi kwa mwalimu tumekubaliana hakuna, na hili lilipingwa kuliko yote, maana kwetu kumpa mtu asante ni adabu. Tukasema asante iende darasani. Mimi nimeshona aproni 23, zote kitambaa kimoja, mfuko mmoja mbele. Ya binti wa mihogo nimeipunguza urefu isinase kwenye magurudumu.

Mwanangu sasa anafunga vifungo vitatu. Anaanza cha chini kupanda juu, ulimi umetoka pembeni, na ukimsaidia anafungua vyote anaanza upya.

Ukienda kukiangalia, hiki au kingine chochote, usiende siku ya wageni na usipige simu kwanza. Nenda saa nne, wakati wa uji, uone kikombe cha mwisho kinampata nani, na kama kesho ni yule yule. Omba kufunguliwa kabati. Omba daftari la mtoto asiyeweza kabisa, uangalie mwandiko. Mwaka ule daftari la mwanangu lilikuwa na herufi a zilizosimama vizuri ukurasa mzima, na vema jekundu chini, wakati mtoto alikuwa hawezi kushika kalamu. Madamu aliandika mwenyewe, akasahihisha mwenyewe. La sasa lina mistari iliyopinda na matundu ya penseli, na nimelihifadhi. Kisha toka nje, ongea na wanaouza vitu getini, na uwaulize mtoto gani analia wakati wa kuletwa, tangu lini.

Na ukiambiwa na mzazi kwamba mwalimu ni mzuri sana, muulize mwanao anakaa mkeka gani.

Kaptula ya mwaka huu nimeishona Januari kwa uzi wa kawaida, si ule wa jinsi. Jana nimeifua, nikaigeuza ndani nje kuikagua kama ninavyofanya kila Jumamosi. Magoti yameanza kupauka, mfuko mmoja umetoboka kwa mawe anayookota. Lupu ya nyuma ipo, na uzi ni ule ule wa kwanza.